Jinsi ya Kuchunguza Maeneo Yaliyoachwa Ndani ya Gemu za Fantasia za Mtandaoni

Faili la ramani likikutwa kwenye folda ya gemu linathibitisha jambo moja tu: kuna mtu aliitengeneza ramani hiyo. Halithibitishi kwamba eneo hilo lilikusudiwa wachezaji, wala halisemi kwa nini liliachwa. Madai mengi kuhusu "maeneo ya siri" huharibika hapo hapo, pale picha moja ya bonde tupu inapogeuzwa kuwa bara zima lililofichwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye picha hadi kwenye ushahidi. Mifano mingi ni ya World of Warcraft, gemu iliyotoka Novemba 2004, kwa sababu muundo wa mafaili yake umechambuliwa kwa kina na yeyote anaweza kuurudia uchunguzi kwenye kompyuta ya kawaida.

Jua kwanza unatafuta kitu gani

Kuna eneo lililojengwa kisha likaachwa. Mfano bora ni Azshara Crater, uwanja wa vita wa wachezaji kwa wachezaji. Kwenye mafaili unaitwa PVPZone02 na namba yake ya ramani ni 37. Ndugu yake PVPZone01, ramani namba 30, ndiye Alterac Valley, uliofunguliwa kwenye kiraka (sasisho la gemu) cha 1.5 mwezi Juni 2005. Mmoja ulifika kwa wachezaji, mwingine ukabaki ardhi bila mchezo.

Kuna eneo lililoahirishwa, na hili si sawa na lililokatwa. Mount Hyjal ilikuwa na ardhi tangu mwanzo, Gilneas ilikuwa nyuma ya ukuta, na Uldum ilikuwa mlango tu kwenye mchanga wa Tanaris. Yote matatu yalifunguliwa na Cataclysm, nyongeza kubwa ya gemu hiyo, tarehe 7 Desemba 2010. Emerald Dream, ramani namba 169, ilikuwa ndani ya mafaili ya zamani; wachezaji walipata reidi (pambano la kundi kubwa) ya Emerald Nightmare mwaka 2016, na eneo kamili likaja mwaka 2023. Ukiandika kwamba Emerald Dream "ilikatwa", msomaji aliyecheza Dragonflight, nyongeza iliyoleta eneo hilo, ana haki ya kukupinga. Andika kwamba ramani ile ya awali haikutumika.

Aina ya tatu ni eneo lililotangazwa na pengine lisiache kitu kwenye kompyuta yako. BlizzCon ya 2013, mkutano wa Blizzard, kampuni inayotengeneza gemu hii, iliwaahidi wachezaji wa nyongeza ya Warlords of Draenor kwamba Karabor na Bladespire zingekuwa miji yao mikuu. Walichopewa ni Stormshield na Warspear kule Ashran. Kisiwa cha Farahlon kilikuwa kwenye mipango hiyo hiyo na hakikuja. Kabla yake, reidi ya Abyssal Maw ilifutwa kwenye Cataclysm. Upande wa Guild Wars, gemu nyingine, kampeni nzima iliyoitwa Utopia iliachwa, na mwaka 2007 ikatoka Eye of the North. Kwa aina hii, folda ya gemu haitoshi. Utahitaji maneno ya watengenezaji wenyewe.

Mwisho kuna vyumba vya kazi. GM Island (eneo namba 876), Programmer Isle (22) na Designer Island (151) havikuwa maudhui ya kukatwa. Vilikuwa vya watumishi. Ramani namba 13 ni ya majaribio, na namba 451 jina lake ni "development". Ultima Online, gemu nyingine ya mtandaoni ya 1997, nayo ina Green Acres, kipande cha ardhi cha kufanyia majaribio. Hapa ndipo wachunguzi wapya hujikwaa zaidi.

Andaa nakala yako

Usifanye kazi ndani ya folda unayochezea. Nakili folda nzima mahali pengine, kisha andika namba ya bildi, yaani namba ya toleo mahususi la programu ya gemu. Kwenye matoleo ya zamani namba hiyo huonekana kwenye skrini ya kuingilia, na kwenye matoleo ya tangu 2014 iko ndani ya faili linaloitwa .build.info. Usiandike tu "toleo la zamani". Andika 1.12.1 bildi 5875, au 2.4.3 bildi 8606, au 3.3.5a bildi 12340, au 4.3.4 bildi 15595. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kukuhakiki.

Kisha chukua alama ya SHA-256 (namba ndefu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) ya kila hifadhi, yaani kila faili kubwa linalobeba mafaili mengine ndani yake, kabla hujafungua chochote. Kwenye Windows amri ni `certutil -hashfile terrain.MPQ SHA256`, kwenye Linux ni `sha256sum`, kwenye macOS ni `shasum -a 256`. Sababu ni ya kivitendo: nakala nyingi zinazosambazwa zimepitia kwa wenye seva binafsi, na wao huongeza ramani zao wenyewe kwa kuweka faili la patch lenye herufi au namba ya ziada. Ukikuta eneo la ajabu, jambo la kwanza ni kuuliza limetoka kwenye hifadhi ipi. Likitoka kwenye faili ambalo halipo kwenye nakala nyingine za bildi hiyo hiyo, uchunguzi umeishia hapo.

Hadi mwaka 2014 World of Warcraft ilihifadhi vitu vyake kwenye mafaili ya MPQ, ambayo hufunguka kwa programu kama Ladik's MPQ Editor. Mpangilio wake una faida kubwa ambayo wengi huipita bila kuiona. Faili la patch.MPQ hufunika lililo kwenye dbc.MPQ, na patch-2.MPQ hufunika yote mawili, lakini kilichofunikwa hakifutwi. Kwa hiyo kwenye usakinishaji uliotoka kwenye diski, toa Map.dbc (jedwali la ramani zote) mara tatu, kutoka kila hifadhi, na uzipe majina tofauti. Unaweza kupata majedwali ya enzi tofauti ndani ya folda moja. Ukifungua hifadhi moja tu, utasoma jedwali lililokwisha kupitwa na wakati ukidhani ndilo linalotumika.

MPQ haihifadhi majina ya mafaili yenyewe. Huyageuza kuwa namba na kutegemea orodha iitwayo (listfile). Faili ambalo jina lake halimo kwenye orodha hutolewa kwa jina la kubuni kama File00001234.xxx. Usilitupe. Baiti za mwanzo zitakuambia ni nini: REVM ni ramani au jengo, WDBC ni jedwali, BLP2 ni picha. Tangu 2014 mfumo wa kuhifadhi ni CASC, na programu ya wow.export huufungua na kuonyesha ramani bila kuwasha gemu.

Hesabu vigae kabla ya kutazama mandhari

Kila ramani ya World of Warcraft ni gridi ya vigae 64 kwa 64. Kigae kimoja kina upande wa yadi 533.33 na kimegawanywa vipande 16 kwa 16, kila kipande yadi 33.33. Faili la .wdt husema ni vigae vipi vipo. Kila kigae kina faili lake la .adt.

Anza na .wdt. Kwenye matoleo yaliyotolewa kwa umma, data ya orodha ya vigae huanzia baiti ya 60: sehemu ya MVER hula baiti 12, MPHD hula 40, na kichwa cha MAIN 8. Kisha zinafuata nafasi 4,096 za baiti 8 kila moja, jumla 32,768. Biti ya kwanza ikiwa 1, kigae kipo. Majina ya sehemu yameandikwa kinyumenyume kwenye faili, kwa hiyo kwenye kihariri cha heksadesimali utaona NIAM badala ya MAIN.

```
import struct
d = open("EmeraldDream.wdt", "rb").read()
assert d[52:56] == b"NIAM"
for y in range(64):
    for x in range(64):
        bendera = struct.unpack_from("<I", d, 60 + (y*64 + x)*8)[0]
        if bendera & 1:
            print(x, y)
```

Mstari wa assert usiuondoe. Ukikwama hapo, faili si la muundo huu (matoleo ya alfa yalikuwa na muundo tofauti) na takwimu zozote zitakazofuata ni takataka.

Ukiwa na mahali mchezaji aliposimama na unataka kujua ni kigae gani, namba ya kwanza ya jina la faili ni 32 − (Y÷533.33), na ya pili ni 32 − (X÷533.33); chukua sehemu nzima tu. Ndiyo, X na Y hubadilishana, kwa kuwa X ya gemu huelekea kaskazini na Y huelekea magharibi. Jaribu kwa Northshire, eneo la kuanzia kwenye bara la Azeroth: X ni karibu -8949, Y karibu -132. Jibu ni 32 na 48, na faili ni Azeroth_32_48.adt. Usipopata jibu hilo, umezigeuza namba.

Sasa pima ujenzi wenyewe. Fungua .adt na utafute sehemu mbili: MDDF, yenye vitu vidogo kama miti na mawe, kila kimoja baiti 36, na MODF, yenye majengo, kila moja baiti 64. Gawanya ukubwa wa sehemu kwa namba hiyo upate idadi. Tangu Cataclysm sehemu hizi zimehamia kwenye faili lenye mwisho wa _obj0.adt, kwa hiyo ukizitafuta kwenye .adt kuu utapata sifuri na kutangaza kwamba eneo ni tupu kumbe hukufungua faili lake. Angalia pia MTEX, orodha ya picha za uso wa ardhi (_tex0.adt kwenye matoleo mapya), na namba ya eneo iliyoko baiti 0x34 kwenye kichwa cha kila kipande cha MCNK.

Namna ya kuyasoma matokeo: ardhi yenye picha moja ya uso, bila kitu na yenye namba ya eneo sifuri, mara nyingi ni kijazio tu, milima iliyowekwa ili upeo wa macho usiwe shimo. Ardhi yenye picha nne zilizochanganywa, njia iliyochorwa, miti mamia na namba ya eneo yenye jina ni kazi ya mtu aliyekuwa na mpango. Kati ya hizo mbili kuna daraja nyingi, na heshima ya uchunguzi wako iko katika kusema uko daraja gani. Kwa matoleo ya 3.3.5a, Noggit, programu ya kuhariri ramani, hukuonyesha mipaka ya vipande na namba zake za eneo kwa rangi, jambo linaloharakisha kazi hii sana.

Majedwali ndiyo yanayosema nia

Mandhari hueleza kazi iliyofanyika. Majedwali hueleza mtengenezaji alitaka mchezaji afanye nini. Faili la .dbc la zamani lina kichwa cha baiti 20: alama WDBC, idadi ya safu, idadi ya sehemu, ukubwa wa safu na ukubwa wa maandishi. Baada ya hapo ni safu tu. Kwa bildi mpya, tovuti ya wago.tools huonyesha majedwali ya .db2 na hukuruhusu kulinganisha bildi mbili.

Soma kwa mpangilio huu. Map.dbc ikupe namba na jina la folda. AreaTable.dbc ikupe majina ya maeneo madogo ndani yake. Tazama pia kiwango cha uvumbuzi, kwa sababu eneo lenye kiwango zaidi ya sifuri liliandaliwa kumpa mchezaji pointi anapolifikia. Halafu WorldSafeLocs.dbc, yenye makaburi ya kufufukia, na TaxiNodes.dbc, yenye vituo vya kurukia. Hakuna anayeweka kaburi la kufufukia mahali ambapo hatarajii mtu afe. Ramani yenye makaburi upande wa kila kundi ina uzito kuliko picha 100 za mandhari. Malizia na WorldMapArea.dbc pamoja na skrini za kupakia: ramani iliyochorewa picha yake ilikuwa imefika mbali.

Kitu ambacho hutakipata ni viumbe na misheni. Hivyo huishi kwenye seva, na kompyuta yako huviona pale tu seva inapovituma. Usiandike "eneo halikuwa na misheni" kwa sababu hukuona misheni. Andika kwamba mafaili ya upande wa mchezaji hayaonyeshi. Mafaili ya creaturecache.wdb na questcache.wdb huhifadhi vilivyokwisha kutumwa, na ni hazina kama yametoka kwenye kompyuta iliyotumika kwenye majaribio ya beta ya wazi.

Utupu usio na siri

Kaskazini mwa Eastern Plaguelands kuna nafasi kubwa ambayo imezaa nadharia nyingi. Quel'Thalas haikukatwa hapo: maeneo yake, Eversong Woods na Ghostlands, yalijengwa kwenye ramani namba 530, ile ile ya Outland, ndiyo maana kulikuwa na skrini ya kupakia ulipovuka. Azuremyst na Bloodmyst nazo ziliwekwa huko huko. Kabla ya kutangaza pengo, tafuta kama jina la eneo limewekwa chini ya namba nyingine ya ramani.

Vivyo hivyo, migongo ya milima ya mabara ya zamani ni mitupu kwa sababu yalijengwa kwa watu watembeao kwa miguu na farasi. Kuruka juu yake kulihitaji ardhi hiyo ijengwe upya, na hiyo ni sehemu kubwa ya kazi ya Cataclysm. Hapo hakuna maudhui yaliyofutwa, ni upande ambao kamera haikutarajiwa kufika.

Makaburi yaliyo chini ya Karazhan, mnara wa gemu hiyo hiyo, ni kisa kinyume: vyumba vimejengwa kikamilifu, vina majina kama Upside-down Sinners kwenye jedwali la maeneo, na kwa miaka mingi lango lilifungwa. Baadaye yalitumiwa kwenye Season of Discovery, toleo maalumu la gemu ya zamani. Hapo jedwali lilikuwa limesema kweli tangu mwanzo.

Gemu nyingine, kanuni ile ile

Ultima Online ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa kuwa map0.mul haina usimbaji wowote. Ramani ya awali ina seli 6,144 kwa 4,096, zimegawanywa mafungu ya 8 kwa 8. Kila fungu ni baiti 196, yaani 4 za kichwa na 3 kwa kila seli (mbili za aina ya ardhi, moja ya kimo). Faili likiwa kamili lina baiti 77,070,336 kamili. Likipungua au kuzidi, ni la toleo jingine au limeharibika.

Kufikia seli yoyote: fungu ni (x÷8)×512 + (y÷8), ukiacha mabaki. Zidisha kwa 196, ongeza 4, kisha ongeza ((baki la y)×8 + (baki la x))×3. Kwa x 5445 na y 1153, upande wa mashariki ya 5120 ambako shimo za kupigania na Green Acres zimewekwa, fungu ni 348,304 na baiti ni 68,267,627. Ukichora seli zote kwa rangi kulingana na aina ya ardhi, maeneo yasiyounganishwa na dunia huonekana kwa jicho.

Final Fantasy XIV ina ugumu wake. Toleo la kwanza, la Septemba 2010, lilifungwa tarehe 11 Novemba 2012, na A Realm Reborn ikatoka Agosti 2013, kwa hiyo kuhusu dunia ile ya kwanza unategemea usakinishaji uliohifadhiwa na rekodi za video. Kwenye toleo la sasa, hifadhi zake, ziitwazo SqPack, hugeuza njia za mafaili (folda na jina) kuwa namba za CRC32; usipoijua njia, faili lipo lakini huna jina lake. Njia hupatikana kwa kusoma mafaili mengine yanayolitaja.

Linganisha bildi, kisha tafuta maneno

Tarehe iliyobandikwa kwenye faili isikudanganye. Hubadilika kwa kunakiliwa au kusakinishwa upya. Kipimo cha kuaminika ni bildi ya kwanza ambamo faili linaonekana na bildi ya mwisho kabla halijatoweka. Toa orodha ya vigae vya Kalimdor kwenye 5875 na kwenye 15595, kisha linganisha vigae vya Hyjal kimoja kimoja: idadi ya vitu, majengo, picha za ardhi. Utaona dhahiri kipi kilitunzwa na kipi kilifyekwa. Kama alama ya SHA-256 ya kigae haikubadilika kati ya bildi tatu, hakuna aliyekigusa, na hapo una haki ya kusema kazi ilisimama.

Sababu ya kuachwa ndiyo sehemu yenye kishawishi cha kubuni. Ziko sababu zinazojirudia: muda kuisha kabla ya tarehe ya kutoka, wachezaji kutawanyika mno wakiongezewa eneo, hadithi kubadilika, injini kushindwa. Lakini zote hizo ni za jumla. Kwa eneo mahususi, sababu huandikwa tu pale mtengenezaji mwenyewe aliposema, nawe utaje ni nani, kwenye tukio gani na mwaka gani. Kurasa rasmi zilizofutwa hutafutwa web.archive.org, weka anwani ya nakala ile ya tarehe ile, si ukurasa wa leo. Tovuti ya The Cutting Room Floor inasaidia kujua kilichokwisha kuandikwa na wengine, ila hakiki mwenyewe kabla ya kurudia.

Kuandika na kuhifadhi

Kila eneo liwe na kadi: jina la ndani, namba ya ramani, bildi ya kwanza na ya mwisho, hifadhi lilikotoka pamoja na alama yake, idadi ya vigae, vitu na majengo, majina ya maeneo madogo, makaburi na vituo, na kauli rasmi kama ipo. Chini yake andika sentensi moja ya hukumu ukitumia moja ya maneno haya: lilijengwa na kuachwa, liliahirishwa, lilitangazwa tu, au la kazi. Usipoweza kuchagua, andika kwamba ushahidi hautoshi na utaje kinachokosekana.

Picha ziandikwe namba ya bildi na programu iliyotumika, kwa sababu programu za kutazama huonyesha mbali kuliko gemu na hazina ukungu, hivyo eneo huonekana wazi kuliko mchezaji angeliona.

Usiingie kwenye seva rasmi ukiwa na mafaili uliyobadilisha au programu ya kupenya kuta. Akaunti itafungwa, na ushahidi uliopatikana hivyo hauna nyongeza yoyote juu ya kile ambacho wow.export ingekuonyesha ukiwa nje ya mtandao. Usisambaze hifadhi zenyewe wala modeli. Sambaza namba, alama za uhakiki, majedwali uliyoyafupisha na picha chache. Mwenye nakala yake ya bildi ile ile ataendesha skripti yako na kupata vigae vile vile, na asipovipata, kadi yako ndiyo ya kurekebishwa kwanza.